Benelli M2 moja kwa mechi na kwa kanga: nini ukate, nini usiguse

Swali limetoka kwa msomaji wa Kisauni, nalifupisha: "Nina Benelli M2 ya geji 12, mtutu wa inchi 24. Napiga mechi za shotgani, na kila mwaka mashemeji zangu wa Tanzania hunialika tukawinde kanga. Kwenye mechi kujaza ndiko kunanirudisha nyuma, na gumba linabanwa na lifta mpaka kucha inatoka damu. Kuna fundi wa kuchomelea Changamwe ameniambia nimpelekee, ataupanua mlango wa kujazia kwa grainda siku moja tu. Nibadilishe nini nipate kasi, na bunduki ibaki nzuri ya kuwindia?"

Kaka, tuanze na huyo wa Changamwe. Bunduki usimpelekee. Sio kwamba hajui kazi yake, pengine mageti na makontena ayachomelea vizuri kuliko mtu yeyote hapo, lakini Sheria ya Silaha ya Kenya, ile Cap 114, haimruhusu mtu kufanya biashara ya kutengeneza bunduki za watu bila kusajiliwa, na wewe ukimwachia bunduki mtu asiye na cheti ushajiingiza matatani kabla hata grainda haijawashwa. Kazi hii ni ya fundi wa bunduki aliyesajiliwa, mara nyingi utampata kupitia maduka ya bunduki yenye leseni. Na kabla hujamwachia, nenda kazungumze na ofisi ya Bodi ya Leseni za Silaha, uwaeleze wataka kufanya nini na uulize kama kuna lolote la kuandikwa kwenye cheti chako, jibu ulipate kwa maandishi. Namba ya bunduki isiguswe. Mtutu usikatwe hata sentimita, manake kufupisha mtutu ni jambo jengine kabisa mbele ya sheria na halikusaidii chochote kwenye kujaza.

Sasa kazi yenyewe. Bunduki yako ina ajira mbili, kwa hivyo mimi nasema paguswe mahali pawili tu, mlango ukatwe na lifta ibadilishwe, na kila kitu chengine utakachoongeza kiwe cha kufunga na kufungua. Nimewaona watu wakinunua kila kinachouzwa, tyubu ndefu (lile bomba la katriji chini ya mtutu), kitasa kikubwa, kitufe kikubwa, trigga nyepesi, springi za rangi, halafu bunduki haimalizi steji, yaani zoezi moja la mechi, bila kukwama na huko porini haibebeki.

Mechi za shotgani ni mechi za kujaza, hilo ulikubali moyoni kwanza. Sahani za chuma ziko karibu, mtu aliyefanya mazoezi kidogo anaziangusha, lakini tyubu ndefu inaingia nane hivi, na mechi nyingi za bunduki tatu (bastola, raifoli na shotgani) kule Marekani, kitengo cha Tactical, unaanza na 9 ndani ya bunduki, nane kwenye tyubu na moja chemba, yaani ndani ya mtutu tayari kupigwa, halafu steji yenyewe yaweza kutaka ishirini na zaidi. Hapo ndipo watu wanapoachana. Anayejaza moja moja kila katriji inamla sekunde nzima au zaidi, mwenye mikono mizuri anatia nne kwa sekunde mbili hadi tatu, sasa piga hesabu kwa katriji 12 uone ni muda gani unaoumwaga, na huo muda hakuna shabaha itakayokurudishia.

Mlango basi. Bodi ya M2, ule mwili wa kati unaobeba bolti na trigga, ni ya aluminiamu, na uzuri wake ni kwamba nguvu ya mlipuko haibebwi na bodi, kichwa cha bolti (chuma kinachoifunga chemba kwa nyuma) kinazunguka na kujifunga ndani ya kipande cha chuma kilichoshikana na mtutu. Ndio maana mafundi wanaweza kuupanua mlango wa kujazia wa bunduki hii na bado ikabaki imara. Lakini hiyo sio ruhusa ya kukata ovyo. Ukiigeuza bunduki yako juu chini na kuangalia mlango wa kiwandani utaona kingo zimesimama wima na kona ni kali, ukipitisha kidole unaikwaruza ngozi. Fundi mzuri analaza hizo kingo kwa mshazari pande zote mbili, kuanzia nyuma karibu na kinga ya trigga mpaka mbele kwenye mdomo wa tyubu, ili katriji ikija imepinda kidogo iguse ukingo iteleze iingie, isikwame. Na anakata nyuma pia kupata urefu, manake ukitia mbili kwa mpigo zinafuatana kichwa kwa kitako. Katriji ya milimita 70 ikiwa haijapigwa huwa na urefu wa kama milimita 58 hivi, hiyo 70 ni ganda likishafunguka mdomo, kwa hivyo mbili ni karibu sentimita 12 za plastiki unazotaka zipite kwa msukumo mmoja wa gumba, na nyuma ya hizo gumba lenyewe lahitaji nafasi.

Mahali pa kutoguswa ni pale kwenye latchi inayozuia katriji zisitoke kwenye tyubu, na matundu ya pini inayoshika mkusanyiko wa trigga, na ule mdomo wa tyubu wenyewe. Mdomo wa tyubu unalainishwa kwa msasa laini tu, ukishaukwangua ukawa mwembamba utapasuka au utapinda na hapo huna tena bunduki ya mechi wala ya kanga. Ukuta wa bodi nao uachwe na unene wa kutosha. Mwambie fundi akuonyeshe kazi nyengine aliyofanya ya bunduki aina hiyohiyo, ushike kwa mkono wako, ujaze katriji bandia kadhaa, na kama hana ya kukuonyesha mwache. Kazi hii ni ya mashine ya miling na faili na msasa, mtu anakaa nayo. Grainda ya mkono inaruka, inapasha moto, inaacha mawimbi, na aluminiamu iliyoliwa kupita kiasi hairudi.

Halafu lifta, hicho kijiko kinachonyanyua katriji kutoka kwenye tyubu kuipeleka mbele ya chemba. Kinachokubana gumba ni ncha yake, ni fupi na ina kingo, gumba likisukuma katriji mpaka mwisho ncha inarudi na kulikamata. Dawa ni lifta iliyorefushwa na kuviringishwa ncha, zipo za kununua tayari kwa ajili ya M2, na springi yake ikiwa nyepesi kidogo hupigani nayo kila ukitia katriji. Lakini usiitengeneze hii ya kiwandani, nunua ya pili. Ya kwanza ipake mafuta, ifunge kwenye karatasi, iandike, iweke. Siku bunduki inaleta utata usioeleweka unairudisha ya asili na unajua mara moja kama tatizo ni lifta au ni kitu chengine. Lifta iliyorefushwa vibaya ina ugonjwa wake maalum: katriji ya pili inatoka kwenye tyubu wakati haijaitwa, inalala chini ya lifta, na bunduki inajifunga kabisa, hufungui bolti wala huingizi. Ukiona hilo hata mara moja kwenye mazoezi, mechi usiende nayo.

Njia ya kuikagua kazi ya fundi ni rahisi na haitaki hata risasi. Chukua dami, yaani katriji bandia zisizo na baruti wala praima, zipake wino wa maka pen nyeusi ubavuni kote, zijaze polepole moja moja halafu mbili mbili, zitoe, uangalie. Pale wino ulipokwaruzwa ndipo penye ukingo mkali uliobaki. Mkwaruzo mwembamba mrefu ubavuni mara nyingi ni kona ya mlango, alama ya mduara karibu na kitako cha shaba ni mdomo wa tyubu au latchi. Mrudishie fundi na dami zenyewe umwonyeshe, hana la kubisha. Ukiridhika ndio upeleke kwa risasi za kweli, na usiamini bunduki mpaka imekula maboksi kadhaa ya katriji unayotumia siku zote bila kukwama.

Jengine ambalo watu hulisahau. Ukishaukata mlango, ile rangi ya kiwandani, ile anodaizi inayolinda aluminiamu, imeondoka pale palipokatwa. Nairobi huenda usione kitu kwa muda. Hapa kwetu na upepo huu wa chumvi utaona unga mweupe umeanza kwenye kona za mlango, na ule unga ukikaa unachimba vishimo. Muulize fundi kama anaweza kuipeleka bodi ianodaizwe upya, na kama hawezi basi ipakwe rangi ya bunduki ya kuoka, la sivyo itabidi uwe unapafuta kwa kitambaa chenye mafuta kila wiki, na najua watu, wiki ya tatu unasahau.

Tyubu ya kuongezea sasa, ambayo ni ya kufunga na kufungua kwa hivyo sina ugomvi nayo, ila kwa M2 ina masharti. Benelli inafanya kazi kwa inesha, hakuna gesi inayochukuliwa kutoka kwenye mtutu. Bunduki nzima inarudi nyuma inapopiga, bolti inabaki pale ilipo kwa uzito wake, springi fupi nzito iliyo ndani ya bolti inabanwa, halafu inafunguka na kuirusha bolti nyuma. Maana yake ni kwamba bunduki inahitaji kurudi nyuma ndipo ifanye kazi. Sasa wewe ukiongeza tyubu ndefu, klampu, na katriji sita zaidi mbele, kila katriji ya gramu 28 za marisawa ikiwa nzima ina uzito wa kama gramu 40, ushaweka robo kilo ya risasi peke yake bila kuhesabu chuma, bunduki inakuwa nzito, inarudi kidogo, na zile katriji nyepesi za gramu 24 zinaanza kushindwa kuigeuza bolti. Mtu anapiga risasi mbili za kwanza zinakwama, zinazofuata zinaenda sawa, analaumu katriji, kumbe tyubu ikiwa imejaa ndio bunduki ni nzito zaidi. Jaribu tyubu ikiwa imejaa mpaka juu na katriji nyepesi kabisa utakayowahi kutumia, ukiwa umeshika bunduki kwa ulegevu kidogo begani kama vile unavyoshika ukiwa unakimbia. Ikipita hapo imepita. Isipopita panda mpaka gramu 28 zenye mwendo mzuri.

Springi ya tyubu ndefu huja ndefu kupita kiasi, usiitie ilivyo. Ikiwa ndefu sana katriji za mwisho zinakataa kuingia na gumba linachoka, ikiwa fupi sana ya mwisho haisukumwi kwa haraka na lifta inanyanyuka mikono mitupu. Kata mzunguko mmoja au miwili kwa wakati, jaza, jaribu bunduki ikiwa imelala na ikiwa imeelekea juu, kata tena. Haraka hapa inakununulisha springi nyengine. Na kisukumizi cha ndani kiwe cha rangi kali, ukitupa jicho mlangoni ujue tyubu i tupu. Kabla ya kununua tyubu ya urefu fulani soma kanuni za kitengo unachopigia, IPSC, lile shirikisho la kimataifa la mechi hizi, ina Open, Modified, Standard na Standard Manual, na kila kimoja kina mipaka yake kuhusu nini kimebadilishwa na risasi ngapi unaanza nazo, na kuna waandaaji wanaoongeza zao. Mlango uliopanuliwa waweza kukuhamisha kitengo. Muulize mkurugenzi wa mechi kabla fundi hajawasha mashine, ukishakata hurudi nyuma.

Kitasa cha bolti kikubwa, sawa, kinatoka kwa kuvutwa na kurudi cha asili. Kitufe cha kuachia bolti kilichopanuliwa pia sawa kwa mechi. Bidi ya mbele, ile shanga ya kulengea, yenye nyuzi ya kung'aa ni nzuri kwa zote mbili. Trigga mimi nakuambia iache. Bolti ya M2 inapiga kwa nguvu ikifunga, trigga iliyopunguzwa mpaka ikawa nyepesi sana na mtu asiye hodari yaweza kuangusha nyundo yenyewe, na kwenye mechi risasi ikitoka wakati unajaza unarudishwa nyumbani, kwenye uwindaji yuko mtu mbele yako au kando yako.

Sasa mikono, manake bunduki yote hiyo bila mikono ni pesa imelala. Jifunze kwanza mbili mbili, ukiwa nazo sawa ndio uende nne nne. Katriji zikae kiunoni kwenye kishikio, pea juu ya pea, kitako cha shaba chini, kishikio upande wa mkono utakaojazia. Njia ninayoipenda kwa mtu wa mkono wa kulia ni hii: mkono wa kulia unabaki kwenye shingo ya kitako, kidole cha trigga kimenyooka nje ya kinga kabisa, bunduki unaizungusha mlango uangalie juu na kitako unakipandisha juu ya bega au unakibana kwapani, mtutu ukiangalia shabaha muda wote. Mkono wa kushoto unashuka, unakamata nne, pea mbili kwa mpigo. Pea ya kwanza unailaza kwenye mlango, gumba liko kwenye kitako cha katriji ya nyuma, unasukuma kwa mstari ulionyooka mpaka usikie klik ya pili. Klik mbili. Ukisikia moja, ya nyuma haijashikwa na latchi na itakurudia mkononi. Halafu vidole vinaileta pea ya pili bila mkono kuondoka kwenye bunduki. Wengi hukosea kwa kusukuma kwenda chini, katriji ya mbele inainua pua na kugonga ukingo. Sukuma kwenda mbele, kama vile unaingiza droo.

Fanyia nyumbani, chumba ambacho hakina risasi ya kweli hata moja, risasi zote zimefungiwa kwenye sefu, chemba na tyubu umezikagua kwa macho na kwa kidole, dami ziwe za rangi ambayo huna kwenye katriji zako halisi. Dakika kumi baada ya isha zakutosha. Anza polepole kabisa bila taima, taima ilete baadaye. Cheti chako kinasema risasi ngapi waruhusiwa kuwa nazo, kwa hivyo mazoezi ya kujaza kwa risasi za kweli ni kuzichosha bure, dami hazina hesabu.

Upande wa kuwinda. Kwanza unajua lakini naliandika kwa wengine wanaosoma: Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inaufanya uwindaji wa michezo kuwa kosa, kwa hivyo asikuambie mtu eti kwale wa huko Kwale au Kilifi hawahesabiki. Tanzania uwindaji upo kwa leseni, lakini leseni ya mwenyeji ni ya mwenyeji, na wewe ni mgeni hata kama ni shemeji. Waambie mashemeji wakuonyeshe kibali kitakachokuhusu wewe kwa jina, ndege gani, wangapi, eneo gani, silaha gani, na karatasi za kuitoa bunduki Kenya na kuiingiza Tanzania ziwe mkononi kabla hujafika Lunga Lunga. Uliza waziwazi kama nusu-otomatiki inaruhusiwa kwenye kibali hicho na ikiwa inaruhusiwa ni risasi ngapi ndani. Nchi nyingi zina mpaka. Marekani, kwa mfano, ukiwinda ndege wahamao kama bata, bunduki haitakiwi kubeba zaidi ya katriji 3 kwa jumla, na tyubu inazibwa kwa kipande kisichotoka bila kuifungua bunduki, na Uingereza shotgani ya nusu-otomatiki ya cheti cha kawaida haishiki zaidi ya mbili kwenye tyubu na moja chemba. Kipande hicho cha kuzibia mara nyingi huja na bunduki kwenye boksi, kitafute, watu hukitupa wakidhani ni takataka za kufungia.

Kwa hivyo kabla ya safari: tyubu ndefu itoke, kofia ya tyubu ya kiwandani irudi, kipande cha kuzibia kiingie ikitakiwa, kitasa kikubwa kitoke manake kinanasa kwenye miti na kwenye mkanda, na kitufe kikubwa cha bolti kitoke urudishe kile kidogo cha asili kwa sababu huko kichakani kinabonyezwa na chochote. Mlango na lifta vinabaki vilivyo, na utavipenda, kanga wakiruka kundi zima na wewe ushamaliza mbili, kutia nyengine bila kuangalia chini ni raha. Bunduki ikishavuliwa hivyo inarudi kwenye uzito wake wa kilo tatu na kitu na inazunguka na ndege vizuri.

Kuna kitu kimoja cha Benelli ambacho mwindaji lazima akijue. Mtu anataka kuingiza risasi kimya asishtue ndege, anaishika bolti na kuishusha polepole kwa mkono. Kichwa cha bolti hakizunguki mpaka mwisho. Kanga wanaruka, anavuta, klik, hakuna kitu. Hata kitasa kikigongwa na tawi au na mkanda chaweza kuirudisha bolti nyuma kidogo ikakutokea hivyohivyo. Bolti ya M2 iachie ijifunge kwa nguvu zake, fanya hivyo mbali na ndege kabla ya kuanza kutembea, na ukishapita kwenye kichaka kizito ubonyeze kitasa mbele kwa kiganja. Kwenye mechi hutaliona hili kwa sababu kule kila kitu ni kwa kishindo.

Marisawa na choku, ile sehemu ya mdomoni mwa mtutu inayobana marisawa yasisambae, vibadilike na kazi. Kwa sahani za chuma za karibu namba 7½, ambayo ni kama milimita 2.4 kwa hesabu ya Kimarekani, na choku iliyofunguka, ile ya Improved Cylinder, inakupa duara pana la kusamehe. Kanga ana manyoya mazito na mfupa, na anapenda kukimbia kabla ya kuruka ukaja kumpiga akiwa kwenye mita 30, huyo namba 6 au 5 na choku ya Modified, iliyobana kiasi. Ukimpiga kwa 7½ ya mechi kwa mbali utamjeruhi akafie kichakani, na hilo mimi silikubali, ndege anastahili kufa papo hapo. Kwa kwale anayeruka miguuni mwako rudi kwenye choku iliyofunguka. Katriji za mechi na za kuwindia zisikae mfuko mmoja.

Mwisho chumvi. Bunduki ikirudi Mombasa usiiache kwenye begi lake la sponji, sponji inakunywa unyevu na kuukumbatia na chuma. Ifute, ikae kwenye sefu na pakiti za silika, na uzibadilishe. Springi ya tyubu itoe uifute mafuta membamba, huko ndani huwa hakuna anayetazama mpaka siku imekatika. Nyuzi za choku zipake grisi na uifungue choku kila baada ya kupiga, ukiiacha miezi inashikana na mtutu na kuitoa ni kazi ya fundi tena. Chemba ipitishe brashi, vitako vingi vya katriji siku hizi ni chuma kilichopakwa shaba juu, vinashika kutu haraka hapa pwani na katriji yenye kutu kitakoni haitoki chemba vizuri, kwa hivyo kabla ya mechi zipitie moja moja kwa kidole na yenye mabaka iweke kando. Usitie mafuta mengi ndani ya bolti ya M2, yakikutana na vumbi la Tanga yanakuwa tope na inesha yote inakufia hapo. Tone kwenye reli, tone kwenye kichwa cha bolti, na kile kiunganishi cha nyuma kinachoingia ndani ya kitako kikaguliwe kila mwaka, manake springi ya kurudisha bolti iko kwenye tyubu yake humo ndani na ikishika kutu bunduki inaanza kukataa kufunga na watu wanalaumu lifta mpya.

Ukienda kwa fundi nenda na dami kumi, na lifta ya pili mkononi.